Picha Moja, Skrini Nyingi: Kwa Nini Mng'ao Haulingani

Picha iliyorekebishwa kwa uangalifu katika kompyuta moja huweza kuonekana ya giza katika kompyuta ya pili na kupauka katika simu ya mkononi, ingawa hakuna mtu aliyeigusa tangu ilipohifadhiwa. Jambo hili limewasumbua wapiga picha, wachapaji wa magazeti, walimu wanaotayarisha vielelezo vya masomo, na hata madaktari. Wengi hudhani kwamba faili limeharibika njiani, au kwamba mojawapo ya kompyuta hizo ni mbovu. Kwa kawaida hakuna kilichoharibika. Kila skrini imetii amri iliyopewa, lakini kila moja imeitii kwa namna yake.

Makala hii inaeleza chanzo cha tofauti hiyo na kuonyesha kwa hesabu kwamba hasara yake haiwaangukii watu wote kwa kiasi kimoja. Aidha inatoa jaribio ambalo wanafunzi wanaweza kulifanya darasani bila kifaa chochote zaidi ya kompyuta na jedwali la logi. Msomaji anayefahamu vipeo na logi ataifuata bila taabu.

FAILI HALINA MWANGA

Picha katika kompyuta ni safu za nukta ndogo sana ziitwazo pikseli. Kwa kila nukta faili hutunza namba tatu: moja ya rangi nyekundu, moja ya kijani na moja ya buluu. Katika mafaili ya kawaida kila namba huandikwa kwa biti nane, na kwa kuwa 2 kwa kipeo cha 8 ni 256, namba hizo huanzia 0 na kuishia 255. Sifuri ni weusi, na 255 ni upeo wa mng'ao. Namba tatu zikiwa sawa, nukta huwa nyeupe, nyeusi, au kijivu cha daraja fulani. Ili tusichanganye mambo, katika makala hii tutazungumzia kijivu tu, maana yanayosemwa juu yake huzihusu rangi nyingine pia.

Namba, hata hivyo, si mwanga. Mpishi akiambiwa atie chumvi vijiko viwili bila kuelezwa ukubwa wa kijiko, anaweza kutii kabisa na bado mchuzi ukawa na ladha nyingine. Namba 128 iliyomo katika faili ni amri ya namna hiyo. Haisemi ni mwanga kiasi gani utoke. Husema tu kwamba nukta hii ing'ae kuliko ile yenye 127 na isizidi ile yenye 129.

Skrini ndiyo inayoamua mambo mawili yaliyobaki: namba 255 itoe mwanga kiasi gani, na namba zilizo kati ya 0 na 255 zigawiwe mwanga huo kwa utaratibu gani. Jambo la kwanza hupimwa kwa kandela kwa mita ya mraba, nalo ndilo tunalolibadilisha tunapobonyeza kitufe cha mwangaza. La pili halionekani kwa urahisi, wala halina kitufe katika skrini nyingi. Hilo la pili ndilo lenye historia ndefu zaidi, na tutaanza nalo.

URITHI WA NELI YA KATHODI

Mtu anayefikiri jambo hili kwa mara ya kwanza atadhani kwamba namba 128, iliyo karibu na nusu ya 255, itatoa nusu ya mwanga. Sivyo. Katika skrini nyingi za leo namba hiyo hutoa asilimia 22 tu hivi ya mwanga wa weupe kamili. Sababu ya kwanza ni ya kihistoria.

Mwaka 1897 mwanafizikia Mjerumani Ferdinand Braun alitengeneza neli ya mionzi ya kathodi, chombo kilichokuja kuwa moyo wa televisheni, na baadaye wa kompyuta, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20. Ndani ya neli hiyo mtutu hurusha elektroni kuelekea kioo kilichopakwa kemikali zinazong'aa zikipigwa na elektroni. Volteji inayouendesha mtutu ikiongezwa, elektroni huzidi na kioo hung'aa zaidi. Lakini ongezeko hilo si sawia. Volteji ikipunguzwa hadi nusu, mwanga haushuki hadi nusu bali hadi karibu sehemu ya tano. Kwa makadirio mazuri uhusiano wake huandikwa hivi:

mwanga = volteji kwa kipeo cha gama

ambapo mwanga na volteji vyote vimeandikwa kama sehemu ya upeo wake, yaani kati ya 0 na 1. Gama ni herufi ya Kigiriki iliyoteuliwa kuwakilisha kipeo hicho. Kwa neli za kawaida thamani yake ilikuwa kati ya 2.2 na 2.5.

Wahandisi wa televisheni walipaswa kuamua ni wapi kasoro hiyo isawazishwe. Vituo vya utangazaji vilikuwa vichache, na mapokezi majumbani yalikuwa maelfu kwa maelfu. Kuongeza saketi katika kila televisheni kungezipandisha bei zote. Kwa hiyo usahihishaji ulifanywa upande wa kamera. Ishara ilipandishwa kwa kipeo kilicho kinyume cha gama, yaani 1 gawanya kwa 2.2, kabla ya kurushwa hewani, ili ikifika kwenye neli vipeo viwili vifutane. Ulikuwa uamuzi wa kiuchumi zaidi kuliko wa kisayansi, na kompyuta ziliurithi pamoja na neli zenyewe.

Neli za kathodi zimekwisha kuondoka mezani. Skrini za sasa hutumia fuwele oevu au vijitaa vidogo vya kikaboni, na hakuna hata moja kati ya hizo yenye tabia ya asili ya neli. Hata hivyo watengenezaji huziwekea jedwali la ndani linaloziagiza ziige neli ya Braun. Ndugu msomaji aweza kuuliza kwa nini urithi huo haukutupwa pamoja na vioo vyake vizito. Jibu limo katika jicho la binadamu.

JICHO HUPIMA KWA UWIANO

Katika chumba chenye koroboi moja, mtu akiwasha koroboi ya pili kila aliyemo atatambua mara moja. Katika ukumbi wenye koroboi 100, koroboi moja ikiongezwa hakuna atakayeshtuka, japokuwa mwanga ulioongezeka ni ule ule. Jicho halihesabu tofauti ya mwanga, bali uwiano wake. Katika hali ya kawaida ya kuona, mwanga ukiongezeka kwa asilimia 1 hivi tofauti huanza kutambulika, iwe mwanga huo ni mwingi au ni mchache kwa kadiri.

Sasa tuseme namba za picha zingegawiwa mwanga kwa usawia. Kutoka namba 10 hadi 11 mwanga ungeongezeka kwa asilimia 10, na jicho lingeona ngazi za wazi mahali ambapo kivuli kilitakiwa kufifia polepole. Kutoka 200 hadi 201 ongezeko lingekuwa nusu ya asilimia 1, hatua ambayo jicho haliioni. Namba zingekuwa adimu gizani, zinakohitajika, na tele kwenye weupe, zinakopotea bure. Kipeo cha gama husahihisha hali hiyo, kwa kuwa huzibana hatua za gizani na kuzipanua zile za penye mwanga. Kwa bahati njema kasoro ya neli ya kathodi inakaribiana na tabia ya jicho. Ndiyo maana imedumu.

MAKUBALIANO YALIYOCHELEWA

Laiti watengenezaji wote wangekubaliana thamani moja ya gama, sehemu kubwa ya matatizo isingekuwapo. Hawakukubaliana. Kompyuta za Macintosh za kampuni ya Apple zilifuata gama ya 1.8, iliyolandana na mashine zake za kuchapa, ilhali kompyuta nyingi zilizotumia mfumo wa Windows zilifuata thamani iliyo karibu na 2.2. Kwa hiyo, kwa miaka mingi, picha iliyopendeza katika ofisi ya gazeti yenye Macintosh ilitiwa giza ilipofunguliwa na msomaji nyumbani.

Mwaka 1996 kampuni za Hewlett-Packard na Microsoft zilipendekeza kiwango cha pamoja kiitwacho sRGB, nacho kilipitishwa mwaka 1999 na Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme. Mgawanyo wake wa mwanga unakaribiana na gama ya 2.2, isipokuwa sehemu fupi jirani na weusi ambayo ni mstari mnyoofu. Apple ilihamia 2.2 mwaka 2009, katika toleo la Mac OS X 10.6.

Mtu angetarajia suala liishie hapo, lakini sivyo. Nafasi ya rangi iitwayo ProPhoto, iliyobuniwa na kampuni ya Kodak na kupendwa na warekebishaji wa picha kwa wingi wa rangi zake, hutumia gama ya 1.8 hadi leo. Sinema huonyeshwa kwa 2.6 kwa kuwa watazamaji wake hukaa gizani. Televisheni za kisasa zimewekewa 2.4 kwa pendekezo la kimataifa la mwaka 2011. Ili programu ijue faili fulani lilikusudiwa kwa kipimo kipi, faili hubeba maelezo mafupi yaitwayo profaili ya rangi. Programu ikiyasoma maelezo hayo, hubadilisha namba ipasavyo kabla ya kuzipeleka kwenye skrini. Yakifutwa njiani, kama inavyotokea katika baadhi ya programu za kutuma picha, au programu ikiyapuuza, namba huchukuliwa kana kwamba ni za sRGB, na mng'ao hubadilika papo hapo.

HESABU YA USO NA SHATI

Je, mabadiliko hayo yana ukubwa gani? Hapa ndipo penye jambo ambalo vitabu vya ufundi wa picha hulipita haraka mno.

Mwaka 1976 wataalamu McCamy, Marcus na Davidson walichapisha maelezo ya kadi ya kupimia rangi yenye miraba 24, ambayo ingali ikitumiwa na wapiga picha duniani kote. Mraba wake wa kwanza unawakilisha ngozi nyeusi, na wa pili ngozi nyeupe. Mraba wa kwanza hurudisha asilimia 10.1 ya mwanga unaoupiga, na wa pili hurudisha asilimia 35.8. Hizi ni namba za kuwakilisha tu. Wako wengi kwetu ambao ngozi zao hurudisha mwanga pungufu ya huo.

Tuchukue picha ya darasa iliyorekebishwa kwa gama ya 1.8 na kutumwa bila profaili, kisha ikafunguliwa katika skrini ya 2.2. Mwanga uliokusudiwa utapandishwa kwa kipeo cha 2.2 gawanya kwa 1.8, yaani 1.222. Kwa uso wa ngozi nyeusi:

0.101 kwa kipeo cha 1.222 = 0.061

Uso uliokusudiwa kutoa asilimia 10.1 ya mwanga sasa unatoa asilimia 6.1. Umepoteza sehemu mbili kwa tano za mwanga wake. Kwa uso wa ngozi nyeupe:

0.358 kwa kipeo cha 1.222 = 0.285

Huu umepoteza sehemu moja kwa tano tu. Na shati jeupe la sare, linalorudisha asilimia 90?

0.90 kwa kipeo cha 1.222 = 0.879

Shati limepoteza asilimia 2 hivi tu ya mwanga wake, na hakuna atakayetambua. Tazama basi kilichotokea katika picha ile ile. Awali shati lilikuwa na mwanga mara 9 hivi ya uso, na sasa lina mwanga mara 14. Mashati yameng'aa kama kawaida, meza na ukuta vinaonekana vyema, lakini nyuso za wanafunzi zimezama, na macho na vivuli vya mashavu havitofautishwi tena. Mtu aliyeipokea picha hiyo hatasema kwamba gama imekosewa. Atasema mpiga picha hajui kazi, au, vibaya zaidi, kwamba watu weusi ni vigumu kuwapiga picha. Usemi huo wa mwisho umesikika tangu enzi za filamu. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha picha zilirekebisha mitambo yake kwa kadi za Kodak zenye sura ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na mtambo uliosahihishwa kwa sura hiyo haukuzitendea haki sura nyingine.

Kosa likielekea upande wa pili, yaani picha ya 2.2 ikionyeshwa kwa 1.8, uso wa asilimia 10.1 hupanda hadi 15.3. Sura hupauka na kuwa kama iliyopakwa majivu. Ziko studio zinazowapausha wateja kwa makusudi wakidhani ndio urembo, lakini hilo ni suala la ladha. Hapa tunazungumzia uaminifu wa picha kwa kitu kilichopigwa.

Kanuni inayotokana na hesabu hizi ni kwamba kosa la gama huviacha vilele viwili, weusi kamili na weupe kamili, mahali pake, na hupiga kwa uzito zaidi kadiri kitu kinavyokuwa cha giza. Mwalimu anaweza kuwaagiza wanafunzi wachore grafu mbili, ya kipeo 1.8 na ya kipeo 2.2, juu ya jozi moja ya mihimili, kisha wapime pengo kati yake kama asilimia ya mwanga uliokusudiwa. Grafu hiyo itasema mengi kuliko aya hizi.

JARIBIO LA DARASANI

Gama ya skrini yoyote inaweza kukadiriwa bila kipimamwanga. Kwa kutumia programu ya kuchora, tengeneza mraba uliojaa mistari ya mlalo, mmoja mweusi kabisa (namba 0) na unaofuata mweupe kabisa (namba 255), kila mstari ukiwa na unene wa nukta moja. Kandokando yake weka mraba wa kijivu kitupu. Hakikisha programu haiikuzi wala kuipunguza picha, kwa maana mistari ikipimwa upya na kompyuta jaribio huharibika. Kisha rudi nyuma mita mbili au tatu, au finya macho mpaka mistari isionekane mmoja mmoja.

Ukiwa mbali, jicho huchanganya mistari na kuona kijivu kimoja. Nusu ya nukta zinatoa mwanga wote na nusu hazitoi kitu, kwa hiyo mwanga wa jumla ni nusu kamili, gama iwe yoyote iwayo. Badilisha namba ya mraba wa kijivu kitupu mpaka miraba miwili ilingane na mpaka wake upotee. Tuseme ililingana katika namba n. Basi namba n katika skrini hiyo inatoa nusu ya mwanga, na:

gama = logi ya 0.5 gawanya kwa logi ya (n gawanya kwa 255)

Skrini inayolinganisha katika 186 ina logi ya 0.5 ambayo ni -0.3010, na logi ya 0.7294 ambayo ni -0.1370. Gama yake ni 2.2. Skrini ya gama 1.8 italinganisha karibu na 174. Yafaa kila kikundi kifanye vipimo vitano na kutafuta wastani, kwa kuwa mkono na jicho hukosea kidogo.

Jaribio hili hutoa mafunzo ya ziada katika kompyuta ndogo za bei nafuu. Mwanafunzi akiinua kichwa au akiuinamisha mfuniko wa kompyuta, miraba iliyolingana huachana. Molekuli za fuwele oevu katika skrini za aina hiyo hupitisha mwanga kwa viwango tofauti kutegemea pembe ya mtazamaji, hasa pembe ya juu na chini. Kumbe hata watu wawili walioketi mbele ya skrini moja, mmoja mrefu na mmoja mfupi, hawaoni picha moja.

MWANGA WA SKRINI NA MWANGA WA CHUMBA

Sasa turudi kwenye jambo la kwanza, nalo ni kiasi cha mwanga wa weupe. Kiwango cha sRGB kiliwekwa kwa kufikiria skrini ya kandela 80 kwa mita ya mraba katika chumba chenye mwanga hafifu. Kompyuta za kawaida leo hufika 250 au zaidi, na simu za juani hupita hapo mara kadhaa. Mtu anayerekebisha picha usiku, taa zikiwa zimezimwa na skrini ikiwa katika upeo wake, huona kila kitu kinang'aa kupita kiasi. Hupunguza namba mpaka aridhike. Asubuhi picha hiyo ikichapwa karatasini, au ikifunguliwa katika skrini ya wastani, huwa ya giza. Kwa maoni ya mwandishi hiki ndicho chanzo cha malalamiko mengi, kuliko gama na profaili kwa pamoja, na ndicho kinachotazamwa mwisho. Simu zinazojibadilisha mwangaza zenyewe kulingana na mazingira huzidisha tatizo, kwa sababu mrekebishaji hana kipimo kilichotulia.

Mwanga wa chumba nao huingia katika picha. Skrini yenye weupe wa kandela 200 na weusi wa 0.2 ina uwiano wa 1000 kwa 1. Tuseme dirisha lililo wazi linaufanya uso wa kioo urudishe kandela 4 za nje. Weupe unakuwa 204 na weusi unakuwa 4.2, na uwiano unaanguka hadi 49 kwa 1. Weupe haujadhurika hata kidogo. Kilichodhurika ni giza. Uso uliokuwa ukitoa kandela 12 na kivuli chake kandela 4, uwiano wa 3 kwa 1, sasa ni 16 na 8, uwiano wa 2 kwa 1. Kwa mara nyingine ni sehemu za giza zinazolipa.

Hata mandhari ya programu yana athari. Mkemia Mfaransa Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins mjini Paris, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 1839 kwamba rangi moja huonekana tofauti kutegemea iliyo jirani nayo. Kijivu kilichozungukwa na weusi huonekana chepesi zaidi, na kikizungukwa na weupe huonekana kizito. Programu nyingi za kurekebisha picha zina mandhari ya kijivu cheusi. Picha huonekana angavu humo, mrekebishaji huipunguza, kisha huibandika katika ukurasa mweupe wa mtihani au jarida, na papo hapo inafifia.

Jambo moja jipya linastahili kutajwa. Baadhi ya simu sasa huhifadhi pamoja na picha maelezo ya sehemu zinazotakiwa kung'aa kuliko weupe wa kawaida. Mfumo wa Android uliingiza muundo wa namna hiyo katika toleo la 14, mwaka 2023. Katika simu inayouelewa, jua na taa humeremeta kweli. Katika kompyuta isiyouelewa, picha ile ile hurudi katika hali ya kawaida, na mwenyewe hudhani imepoteza uhai.

NAMNA YA KUJIKINGA

Haiwezekani kuzilazimisha skrini za watu wengine zitende sawa. Linalowezekana ni kuhakikisha kwamba namba zilizomo katika faili ni sahihi, ili walau skrini iliyo nzuri ionyeshe picha nzuri. Mrekebishaji azime mwangaza wa kujibadilisha, aweke skrini kati ya kandela 80 na 120, na afanye kazi katika chumba ambacho mwanga wake haubadiliki. Asiye na kipimamwanga aweke karatasi nyeupe kando ya skrini, chini ya taa ya kawaida ya kusomea. Ukurasa mweupe wa skrini usizidi karatasi hiyo kwa mng'ao. Ni kipimo cha mashambani, lakini kinafaa.

Picha inayosambazwa ibadilishwe kuwa sRGB, na profaili yake ihifadhiwe ndani ya faili. Ikiwa ni ya sRGB tayari, hata programu inayopuuza profaili haitaidhuru sana.

Kisha mrekebishaji ajizoeze kuamini namba kuliko macho. Programu nyingi zinaonyesha histogramu, ile ile inayofundishwa katika takwimu, ikihesabu ni nukta ngapi zina namba gani. Zipo pia zinazotaja namba ya nukta iliyoelekezwa kwa kishale. Mraba wa ngozi nyeusi wa kadi ya 1976 huangukia karibu na namba 90, na ule wa ngozi nyeupe karibu na 160. Uso wa mwanafunzi uliopigwa katika mwanga mzuri ukionyesha 40, picha ni ya giza, hata kama skrini iliyo mbele yako inauonyesha vizuri.

Mahali ambapo hatari ni kubwa zaidi, mambo hayakuachwa kwa hiari. Katika eksirei ya kifua, kivuli hafifu cha ugonjwa huweza kutofautiana na tishu za jirani kwa hatua chache tu za kijivu. Kwa hiyo kiwango cha kimataifa cha picha za tiba, kiitwacho DICOM, kina sehemu yake ya 14 inayoeleza hasa kila namba itoe mwanga gani, kuanzia kandela 0.05 hadi 4000 kwa mita ya mraba, kwa hatua ambazo jicho huziona kuwa sawa gizani na penye mwanga. Skrini za kusomea eksirei hupimwa mara kwa mara kwa kiwango hicho. Daktari anayepiga filamu ya eksirei kwa simu na kuituma kwa mwenzake ili amshauri ametoka nje ya ulinzi huo. Kamera ya simu imebuni gama yake, programu ya kutuma imebana faili, na skrini inayopokea ina mwangaza wake. Ushauri unaweza kuwa wa msaada mkubwa pale pasipo na mtaalamu, lakini kutoonekana kwa kivuli katika picha kama hiyo si ushahidi kwamba hakipo katika filamu.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Kikundi cha wanafunzi kiliona miraba ikilingana katika namba 170. Tafuta gama ya skrini yao. (Jibu: 1.71)

2. Kivuli cha shingoni kilikusudiwa kutoa asilimia 5 ya mwanga wa weupe. Kitatoa asilimia ngapi picha ya gama 1.8 ikionyeshwa bila marekebisho katika skrini ya 2.2? (Jibu: 2.6)

3. Skrini yenye weupe wa kandela 200 na weusi wa 0.2 imepelekwa barazani, ambako kioo chake kinarudisha kandela 40 za nje. Tafuta uwiano mpya wa weupe kwa weusi, kisha eleza kwa nini kuongeza mwangaza wa skrini mara mbili hakuwezi kuurudisha uwiano wa awali. (Jibu la sehemu ya kwanza: 6 kwa 1 hivi)